Kimya Kilichopigiwa Makofi

Chuoni walimwita Ndimu, na jina hilo hakulipata kwa uzuri wa sura. Ni ulimi. Darasa lao la sanaa za maonyesho lilikuwa na desturi yake: kundi likishaigiza ukumbini, kesho yake asubuhi waigizaji hukaa sakafuni pale pale jukwaani, na mwanafunzi mmoja husimama mbele yao kusoma uhakiki wake. Kujibu ni mwiko. Hata akikuambia ulicheza kama mlango uliovimba kwa mvua, unameza tu. Siku za Ndimu, watu wazima na ndevu zao walitazama vidole vya miguu.

Safari hii zamu yake iliangukia kundi la mtaani kwao, na mwigizaji mkuu wa kundi hilo ni mjomba wake.

Mjomba huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Yeye na mama huyo walizaliwa wawili tu kwao, kaka na dada. Kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, wala hana shati lisilo na doa. Lakini roho yake iko jukwaani. Maneno ya michezo aliyajifunza juu ya ngazi, brashi mkononi, na Ndimu, tangu alipojua kusoma, alikaa chini juu ya debe la rangi lililopinduliwa, akimshikia karatasi. Mjomba akisema "ila" mahali pa "lakini", mtoto anagonga debe kwa kisigino.

"Rudia, mjomba."

"Haya, bibi mkubwa, narudia!"

Ukali wake wote ulianzia kwenye debe lile. Ila kwa mchezo huu mpya mjomba hakutaka kushikiwa karatasi. "Wewe sasa msomi," alimtania, "utanitoza ada." Ndimu akacheka, wala hakuwaza zaidi.

Mchezo ulimhusu mume anayerudi kwake baada ya miaka mingi na kukuta mkewe hamtaki. Mchana ule ukumbi ulifurika. Mwishoni mke anauliza, "Umerudi kufanya nini?" na mume anatakiwa kufoka, maneno ya moto, ukurasa mzima.

Mjomba hakufoka. Alimtazama yule mwanamke, akatazama kiti, akatazama mikono yake mwenyewe. Nyuma ya pazia mwenzao aliyeshika maandishi akamnong'onezea maneno, akamnong'onezea tena, mpaka Ndimu, aliyekaa safu ya mbele, akayasikia. Mjomba kama hayupo. Mwishowe akamshika yule mwanamke mkono, akasema taratibu, "Dada, nipeleke nyumbani."

Katika mchezo ule hamna dada. Mwanamke yule, Mungu ambariki, akamkumbatia bega akamtoa nje, taa zikazimwa. Ukumbi mzima ukasimama. Watu walilia, walipiga makofi hadi viganja vikawauma. Ndimu alibaki amekaa. Macho yale aliyajua. Wiki iliyopita aliyaona jikoni, mjomba ameshika birika, anauliza jiko liko wapi, kisha anasema ni usingizi tu, mwanangu.

Jioni hiyo alikaa na kalamu, na kila alichoandika alikifuta. Mwalimu wao alikuwa na wimbo mmoja: andika ulichokiona, si ulichokitamani. Naye alikiona. Akikisoma, kundi litamwacha mjomba, na uigizaji ndicho kitu pekee alichowahi kujipendea maishani. Asipokisoma, mjomba atarudishwa jukwaani kila Jumamosi azame mbele ya watu, nao wampigie makofi. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua tangu shule ya msingi. Lakini wahenga hawakuambiwa wasome mbele ya mjomba wao.

Asubuhi waigizaji walikaa sakafuni. Mjomba alikuwa katikati, shingo ameinua, anamtazama kama alivyomtazama zamani kutoka juu ya ngazi, akisubiri kisigino kigonge. Ndimu aliona aibu na huruma kwa pamoja, akaanza kusoma.

"Kimya kile kilikuwa cha makusudi," alisoma. "Ni fundi aliyekomaa tu anayethubutu kuyaacha maneno yake yote na kubaki na machache yasiyotarajiwa."

"Leo ndimu imetiwa sukari!" alidakia mtu huko nyuma, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. "Ndicho ulichokiona?"

"Ndicho, mwalimu."

Walipoinuka, kiongozi wa kundi alimpiga mjomba mgongoni. "Jumamosi kile kimya tukirefushe, mzee. Na lile la dada libaki vile vile."

Walipofika nyumbani, mjomba alikwenda uani akarudi na lile debe. Akalipindua katikati ya chumba, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu. Shika karatasi."

"Karatasi gani, mjomba?"

"Hiyo yako uliyosoma." Alijikuna kidevu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Wanataka nirudie nilichofanya jana. Mimi sikumbuki nilifanya nini. Wewe uliona. Nifundishe."

"Mjomba, kesho twende hospitali."

"Kwani nani anaumwa?"

"Wewe, mjomba. Jana ulipotea. Haikuwa makusudi."

Mjomba alimtazama kwa mshangao, kisha uso ukamchangamka, kama mtu aliyegundua kwamba anataniwa. "Acha mizaha. Si umesema mwenyewe mbele ya watu wote kwamba ni ufundi? Wewe huna kawaida ya kunisifu bure."

Neno moja tamu la Ndimu ndilo mjomba aliloamua kuliamini, na lingine lolote sasa litakuwa utani. Ndimu akakaa juu ya debe, akamsomea: alimtazama mkewe, akatazama kiti, akatazama mikono yake. Mjomba alifuata, kimoja kimoja, kwa bidii. Kisha akamshika mpwa wake mkono, akasema, "Dada, nipeleke nyumbani."

Macho yake yakashuka kwenye kisigino cha Ndimu, yakisubiri.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mjomba," alisema Ndimu. "Rudia."