Sifa Zilizomponza Esperansi

Esperansi Ntakirutimana, msichana wa Ulyankulu aliyepanga chumba Isevya, alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Tabora. Alipochaguliwa kuhamia masjala ya siri, kule kwenye majalada yasiyosomwa na kila mtu, ilibidi kwanza afanyiwe upekuzi, maisha yake yachunguzwe tangu utotoni. Akaona heri amwage mtama mwenyewe. Alipokuwa kidato cha pili alirina asali kwa wizi kwenye mizinga ya jirani yao, mzee Minani, nyuki wakamvimbisha uso hata mama yake akapishana naye njiani asimjue. Baraza la kijiji likamwamuru amlimie mzee shamba la tumbaku msimu mzima.

Mpekuzi, Bwana Zablon, akasema makosa ya utotoni yanazungumzika, kinachoharibu ni uongo. Akaenda Ulyankulu kuhakikisha.

Lo, watu wale! Tangu wazee wao wavuke mpaka kuikimbia Burundi, wanajua kwamba mgeni mwenye kalamu akiuliza habari za jirani, anapewa sifa tu. Basi wakamsifia Esperansi mpaka wakapitiliza. Wizi? Huyo hata asali yenyewe haipendi! Aliyekoleza zaidi ni mzee Minani mwenyewe, akaapa kwamba mizinga yake haijaguswa na mtu tangu aitundike.

Bwana Zablon akarudi amenuna.

"Dada, ama unanichezea, ama kijiji kizima kinakuficha. Kama wanaficha hili, wanaficha mangapi?"

Esperansi aliona kazi inamponyoka, na kilichomuuma zaidi ni kuponzwa na watu wanaompenda. Akampigia mzee simu, akamwamkia, akamsihi aje aseme kweli. Mzee alikasirika kwelikweli. Yeye alishasamehe zamani, leo anaambiwa akamchongee mtoto wa watu! Lakini kesho yake akapanda basi.

Mbele ya mpekuzi, Esperansi akiwa amekaa pembeni, mzee akaeleza yote, shingo upande. Ndiyo, aliiba. Ndiyo, alilima, na msimu uliofuata akarudi kulima bila kuitwa.

"Na leo, mzee wangu, unaweza kumwamini na mizinga yako?"

Mzee Minani akainamisha kichwa. "Wanangu nimeshawaambia, nikifa mizinga ni ya huyu. Yeye ndiyo kwanza anasikia."

Bwana Zablon akaandika kwamba anafaa. Esperansi hakuona hata kalamu ikitembea, alikuwa analia.