Keneli Iliyooshwa Makarai Mawili

Duara, shimo tunalochimbia dhahabu, liliponiangukia na kunivunja nyonga, niliachana na kushuka chini, nikajifunza kufungua simu, kisha kompyuta. Shule niliishia darasa la tano. Wanaosema mtu wa darasa la tano hana la kusema kuhusu keneli, waendelee kusema.

Mzani wa dhahabu wa mnunuzi wa njia panda ulikuwa na kompyuta ndogo ndani. Keneli ndiyo programu ya chini kabisa, inayopokea uzito na kuupitisha hadi kwenye kioo. Tulipouliza kama mzani unapunja, mnunuzi aliapa kwamba ya kwake ni ileile iliyo wazi mtandaoni, hajaigusa. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wachimbaji akamtetea. Nawataja hao wawili kwa kazi zao. Hapa kwetu Genkuru hakuna asiyewajua.

Sisi, mfuko wa mawe ukibishaniwa, unagawanywa. Watu wawili wanaosha kila mmoja karai lake, wamepeana mgongo. Matokeo yakikaribiana, ubishi umekwisha. Nikasema keneli nayo ioshwe makarai mawili. Nitaijenga mimi kutoka kwenye maandishi yake ya wazi, na fundi redio wa Mugumu ataijenga kwake. Dhahabu tunairuhusu ikaribiane. Faili hapana, lazima lifanane lote.

Mafaili yetu mawili hayakufanana. Mnunuzi akacheka mbele ya foleni.

“Mura, kijana, wewe na mwenzako hampatani, halafu mnataka kunipima mimi?”

Watu wakacheka naye. Mwenyekiti akasema tupime, tumechoka na maneno ya kompyuta. Nikawaambia dhahabu ya mgao wangu haipandi pale. Nikachukua pikipiki hadi Mugumu kwa yule fundi redio, nyonga ikinikumbusha kila shimo la barabara.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umekuja kugombana au kufanya kazi?”

“Vyote.”

Tukayaweka mafaili mawili sambamba. Keneli ikijengwa hujiandika yenyewe: saa ya kujengwa, jina la mtumiaji, jina la kompyuta. Kompyuta yangu nilikuwa nimeipa jina la duara lililonivunja. Ya kwake ilikuwa na jina la marehemu mama yake.

“Kumbe tumejichora humo kama watoto ukutani,” mzee akasema.

Tukakubaliana saa moja ya kubuni, jina moja, folda moja, na toleo lilelile la programu ya kujengea. Bado yakatofautiana. Mwishowe tukamkuta mchawi: ufunguo wa kusaini vipande vya keneli, ambao kila ujenzi hujitungia mpya. Tukauzima usaini huo, tukajenga upya, kila mtu kwenye mashine yake. Yakafanana yote, mwanzo hadi mwisho.

Siku ya kupima nikasimama mbele ya mzani, mzee pembeni yangu.

“Hii tumeijenga wawili, imetoka moja, na yeyote akitaka aijenge wa tatu. Kama yako ni ileile, weka hii mzanini mwako, tukiona.”

“Mzani wangu hauguswi na kilema.”

“Basi na dhahabu yangu haiguswi na mzani wako.”

Mle ndani mlikuwa na nini sijui, wala sikudai kujua. Nilijua tu kwamba amekataa. Mwenye duara mmoja akakunja karatasi ya dhahabu yake, akairudisha mfukoni. Akafuata mwingine, wakaendelea hivyo. Mwenyekiti akabaki peke yake kwenye foleni, akapima. Hadi leo akinisalimia siitikii.