Mto Nilioupasua Mbele ya Jumuiya

Ndiyo, ni mimi. Yule fundi makochi aliyepasua mto wa mteja katikati ya sala ni mimi, na kwa kuwa Chang'ombe nzima mmeshaisimulia mnavyotaka, leo acheni niisimulie mwenyewe.

Mama Neema, jirani yangu na mwanajumuiya mwenzangu, aliniambia binti yake ana pumu, akauliza ndani ya makochi yangu naweka nini, na mimi badala ya kusema ukweli (kwamba mito naletewa na msambazaji imeshashonwa, kazi yangu ni kuivisha kitambaa tu, sijawahi kuchungulia hata mmoja) nikamwonyesha cheti ukutani. Alinipa huyo huyo msambazaji, Kiingereza kitupu, nikakitia plastiki nikakitundika juu ya cherehani, na kwa mhuri mkubwa namna ile nani angeuliza zaidi? Mama Neema hakuuliza, akanunua seti nzima.

Jumamosi jumuiya tukasali kwake. Tuko katikati ya rozari, Neema akaanza kukohoa, kifua kikambana, shangazi yake akamkimbiza nje na dawa yake ya kuvuta, sala ikasimama.

"Mama Daudi, haya makochi yana nini?" Mama Neema akaniuliza mbele za watu.

"Sponji mpya tupu, na cheti ninacho!"

Nikakimbia kukileta (karakana ni nyumba ya tatu, laiti ingekuwa mbali huko Kibakwe!), nikampa mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, asome kwa sauti. Akavaa miwani, akasoma kimya, akarudia.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hiki ni cheti cha rangi ya ukuta."

Walivyocheka! Hasira zikanipanda, nikanyakua mkasi mezani nikachana mto ili niwanyamazishe, na yakamwagika magodoro chakavu yaliyokatwakatwa, vipande vya magunia, soksi moja ya mwanafunzi, na vumbi lililompigisha mwenyekiti chafya tatu. Kicheko kikakatika. Tukabaki tunamsikia Neema huko nje anavyohangaika na pumzi, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Neema alipata nafuu, namshukuru Mungu. Mito yote nikaitupa nikashona mingine kwa sponji niliyoikata kwa mkono wangu, ila kazi ya viti vya kigango, niliyokuwa nimeahidiwa, akapewa fundi mwingine. Mafundi wenzangu hadi leo wananisema: "Ungekaa kimya tu. Nani hufungua mto wa kochi?"

Nani? Kila anayetaka! Cheti nilikichoma, na tangu siku ile hakuna mto unaotoka kwangu bila zipu, nao wanacheka wanasema namfundisha mteja kunikagua, wamenibandika na jina, Mama Zipu. Waambieni wenzenu wote waniite hivyo, naitika. Halafu muulizeni fundi wenu yeye kwa nini anashona akaziba.