Ndume wa Madoadoa Aliyeingia Boma ya Samaki Wangu Kitengela

Wakuu, salamu popote mlipo. Mimi ni yule msomaji wa kimya. Nasoma visa vyenu, nacheka peke yangu, naondoka bila hata kugonga like. Leo ni zamu yangu. Nitakachosimulia ni kweli tupu, na shahidi ni mke wangu Mama Mutheu, ambaye mpaka leo haoni kitu cha kuchekesha hapo.

Kisa ni cha samaki, lakini si wa kuliwa. Mwenye sufuria jikoni apite tu kwa amani.

Ni miaka ya elfu mbili mwanzoni. Nilikuwa nafanya kazi Athi River, na tulikuwa tumejijengea vyumba viwili vya mawe Kitengela, upande wa kuelekea Isinya. Kitengela ya wakati huo si hii yenu ya maghorofa. Nyumbu walikuwa wanapita nyuma ya choo chetu asubuhi, na hakuna aliyeshtuka.

Mimi ni Mkamba wa Kangundo. Kwetu samaki tulimwona kwenye kitabu cha shule, tena ukurasa umechanika. Kufuga samaki hakukuwa kwenye ndoto zangu.

Aliyeniingiza ni Mzee Njuguna, mwalimu wangu wa biology wa zamani, wakati huo amestaafu anakaa Nairobi. Alifuga samaki wa rangi wa Ziwa Malawi, wale wanaoitwa cichlids. Alikuwa na aina moja tu: dume ni wa bluu inayong'aa, mabega mekundu. Hakuwahi kuwachanganya na aina nyingine. Ukitaja chotara mbele yake alikuwa anaweka kikombe chini na kukuangalia kama umetukana kanisani.

Sasa siku moja stima ikapotea mtaani kwao kutwa nzima. Pampu ikazima, tangi kubwa likafa lote. Walibaki wachache waliokuwa kwenye tangi dogo: dume mmoja na majike wanne. Mzee akaniletea mimi.

Mnajua kwa nini mimi? Si mapenzi. Ni maji!

Wenyeji mnayajua maji yetu ya borehole. Yanaacha ganda jeupe kwenye birika, sabuni haitoi povu, na watoto wetu wana meno ya kahawia. Basi hiyo chumvi na chokaa ndiyo hawa samaki wanataka. Maji yaliyoharibu tabasamu la Kitengela yanawafaa kabisa hawa wa Malawi.

Mzee alinishika mkono akaniambia, "Kijana, usichanganye. Hii damu ikiharibika kwako, imeisha. Mimi sina ingine."

Nikaapa. Nikiapa mimi huwa naapa kabisa.

Nisimame kidogo niwafundishe wasiojua. Kazi ngumu ya hawa samaki ni kujua nani dume nani jike. Dume mkubwa ana rangi zote. Jike ni wa kijivu, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Shida ni kwamba dume aliyepigwa na wenzake naye anapoteza rangi, anakuwa kijivu, anajificha na akina mama. Kwa hivyo rangi haitoshi. Lazima umshike, umgeuze tumbo juu, uangalie kwa chini na lenzi. Tundu la jike ni pana, la dume ni dogo.

Siku moja pasta wetu alikuja kututembelea bila kupiga hodi ya maana. Akanikuta sitting room nimepiga magoti, samaki amelala chali mkononi, lenzi kwenye jicho, nasema kwa sauti, "Fungua kidogo nione." Aliomba maombi mafupi sana siku hiyo, na chai hakumaliza.

Jambo la pili: jike akishataga anaweka mayai mdomoni. Anayalea humo mpaka yawe samaki wadogo. Hali kitu, kidevu kinavimba kama mtu mwenye jino bovu. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mzee wa Kimaasai. Mutheu alipozaliwa alituletea kondoo, na kwa desturi yao watu waliopeana mnyama wanaitana kwa jina la huyo mnyama. Kondoo kwao ni "enker", basi akawa ananiita Paker na mimi namwita Paker. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo, hata siku ya harusi yangu.

Mwanzo Paker alikuwa hataki kukaribia tangi. Kwa wazee wa rika lake samaki si chakula, ni mdudu wa majini, na mtu anayemla ni wa kuhurumiwa. Lakini polepole akazoea. Kila jioni ng'ombe wakishaingia alikuwa anakuja, anaegemea fimbo yake mbele ya kioo, anawakagua samaki mmoja mmoja kama yuko soko la mifugo. Kwake lile tangi lilikuwa boma.

Akaanza kuwa na wasiwasi.

"Paker, hii boma yako iko na ndume moja tu."

"Ndiyo, Paker. Ni damu safi."

"Na hii ndume itapanda nani baadaye? Si ni watoto yake?" Akatikisa kichwa. "Utapata ndama haina mkia."

Nilicheka. Wakuu, hapo ndipo nilipokosea. Mmaasai akikuambia habari ya ndume, usicheke. Kwao majirani wanasaidiana ndume ili damu ya boma isichoke, na rafiki anayekuona ukiharibika akanyamaza si rafiki.

Basi wikendi moja nilienda Kangundo kwa matanga. Narudi Jumapili jioni, naenda moja kwa moja kwa tangi. Hata begi sikuweka chini.

Katikati ya tangi kulikuwa na samaki mwingine. Mkubwa, mabega mapana, mweupe mwenye mabaka meusi mwili mzima. Alikuwa anazunguka kama chifu kwenye baraza. Na dume wangu wa bluu? Rangi imeisha kabisa. Kijivu, amejibana nyuma ya filta, anachungulia.

"Mama Mutheu! Hii ni nini?"

"Ni Paker ameleta," alisema bila kuacha kukuna nazi, maana alikuwa anapika wali wa nazi. "Alienda Nairobi mwenyewe akachagua. Alikuwa amefurahi sana huyo mzee. Akamwaga ndani, akakunywa chai, akaenda."

"Na ukamwacha?"

"Ningemwambia nini? 'Paker, toa ndume yako'? Mtu aliyetuletea kondoo? Ungekuwa wewe ungemwambia?"

Singemwambia.

Halafu nikaona kitu kibaya zaidi. Jike mmoja amevimba kidevu! Ana mayai. Kabla sijasafiri hakuwa nayo. Sasa baba ni nani? Wa bluu, au huyu mgeni wa mabaka? Kama ni mgeni, damu ya Mzee Njuguna imechafukia sitting room kwangu. Na Mzee alikuwa amesema Jumamosi hiyo anakuja kuona kama kuna watoto.

Wiki hiyo sikula vizuri. Mimi na yule jike tulikonda pamoja.

Kumtoa yule mgeni sikuweza, maana Paker alikuwa anakuja kila jioni kumwona. "Angalia hiyo rangi," alikuwa ananiambia. "Sisi tunaita *arus*. Nyeusi na nyeupe. Ng'ombe ya rangi hii inapendwa sana." Alikuwa na furaha ya mtu aliyemwokoa ndugu. Roho iliniuma, lakini nilitabasamu hivyo hivyo.

Jumamosi ikafika. Nilifanya nini? Nilifunika tangi na shuka ya kitanda. Msinicheke, hakuna wazo lingine lililokuja.

Mzee Njuguna akaingia, akakaa, akaangalia shuka yenye maua.

"Nini imefanyika kwa tangi?"

"Wamelala, Mwalimu."

"Saa nane mchana?"

Kabla sijatunga uongo wa pili, mlango ukafunguliwa. Paker, amevaa shuka yake mpya, kwa sababu alikuwa amesikia mwenye samaki anakuja na alitaka kumwonyesha alichosaidia. Akasalimia vizuri, akaenda kwa tangi, akavuta shuka ya maua mara moja. "Mwalimu, karibu uone ndume."

Mzee Njuguna alisimama polepole. Sijawahi kuona mtu akizeeka haraka hivyo. Akamwona wa mabaka, akamwona wake wa bluu amekuwa kijivu, akamwona jike amevimba kidevu. Akaniangalia. Hakunikemea, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Kijana, uliniambia nini?"

Kabla sijajibu, Paker akaingilia. "Usilaumu huyu. Ni mimi nilileta. Boma yako ilikuwa inaisha."

"Umeharibu damu ya miaka yote!"

"Damu gani? Ya ndume inapanda watoto yake? Hiyo ndiyo damu unalilia?"

Wakabishana, wakuu. Mmoja anataja kromosomu, mwingine anataja ndama aliyezaliwa Magadi na miguu mitano. Mama Mutheu akaleta chai, hakuna aliyeiangalia. Mimi nilikuwa nimekaa katikati kama refa aliyesahau filimbi nyumbani.

Mwishowe Mzee Njuguna akakunja mkono wa shati. "Nipe neti. Kama ameniua, angalau nimjue uso." Akamvua yule wa mabaka, akamgeuza chali, akaomba lenzi. Paker naye akainama karibu, maana kukagua mnyama ni kazi yake.

Mzee akaangalia. Akafuta lenzi na tai yake, akaangalia tena.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, samaki bado mkononi.

"Hii ni jike."

"Nini?" Mimi na Paker pamoja.

"Jike! Jike mkali, lakini jike. Hawezi kuzalisha mtu."

Wakuu, niliona mbingu. Mayai yalikuwa ya wa bluu. Damu ilikuwa salama! Nilimkumbatia Mama Mutheu na sinia ya chai mkononi mwake, nusu ya chai ikammwagikia, ndiyo maana nasema yeye hacheki.

Lakini nilipogeuka nikamwona Paker. Alikuwa amesimama wima, anaangalia dirishani. Fikirieni: mzee ambaye watu wanatoka Kajiado mjini kuja kumwuliza habari za mifugo, amepita maduka ya Nairobi na macho yake mwenyewe, akachagua ndume, kumbe ni jike. Furaha yote ikaniisha. Ningependelea hata damu ichafuke kuliko kumwona hivyo.

Nikafikiri haraka. "Paker," nikasema, "kwenu mtu akikupa ndume amekupa nini?"

"Msaada," akasema, bado anaangalia nje.

"Na akikupa mtamba, jike ambaye hajazaa?"

Akageuka taratibu. "Mtamba ni boma. Amekupa boma nzima."

"Basi umenipa zaidi ya nilivyostahili."

Akaangalia samaki, akaniangalia, akamwangalia Mwalimu pale sakafuni. Kisha akasema kwa heshima zote:

"Nilijua."

Hakuna aliyebisha. Chai ikanywewa.

Yule jike wa mabaka tulimpa tangi lake, maana angebaki pamoja na dume wa bluu, kwa kweli damu ingechanganyika. Waliokuwa mdomoni mwa mama yao walitoka, wote kijivu, na walipokua madume wakawa bluu na mabega mekundu, hakuna hata baka. Mzee Njuguna alichukua samaki wake akaondoka akiimba.

Na hili msimwambie mtu: baadaye alirudi kuomba yule wa mabaka. Nilimkatalia, ni zawadi. Akatafuta wa mabaka wake mwenyewe. Nilipomtembelea nikamkuta samaki huyo kwenye tangi dogo karibu na kiti cha Mwalimu. Nilipomwangalia Mwalimu akasema, "Huyo ni mgeni tu." Mgeni alikaa mpaka Mwalimu alipotuacha.

Lesson yangu ni fupi. Kabla hujalia, mgeuze kwanza. Na rafiki akikosea kwa kukupenda, mtafutie mlango wa kutokea bila kuinama.

Ila kuna gharama. Zawadi ilikuwa kubwa kuliko kondoo, kwa hivyo jina lilipaswa kubadilika. Samaki kwa Kimaa ni "osinkirri". Siku ya soko, Kitengela imejaa wenye mifugo kutoka kila pembe ya Kajiado, mzee aliniona upande wa pili wa barabara, akainua fimbo na kuita kwa sauti yake yote:

"PASINKIRRI!"

Wakuu, soko zima liligeuka kuona ni mwanaume gani huyo aliyepewa samaki. Mbuzi pia waligeuka. Nami nikainua mkono nikaitika, "Pasinkirri!" Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Haya, na nyinyi wafugaji wa humu, nani amewahi kupewa zawadi asiyoweza kuikataa? Tiririkeni hapo chini. Na anayeuliza kama yule wa mabaka alikuwa mtamu, nimeshamwona, simjibu.