Hita Kumi na Moja za Ranald Geddes

Kwa miaka ishirini na sita Ranald Geddes alikuwa mtunza jengo letu la serikali, na sikuwahi kumsikia akizungumzia jambo lingine ila moto. Jengo ni la mbao tupu, kuanzia sakafu hadi paa, na ni la zamani kuliko bibi zetu. Tulichokuwa nacho cha kutupasha joto ni boila moja kule chini na mabomba yake ya maji ya moto ambayo, hapa Southland kwenye baridi kali ya mwezi wa Julai, yalipasha kuta tu.

Kwa hiyo kila mtu alificha hita ya umeme chini ya meza, nami nikiwemo. Ranald alizipiga marufuku. Alikuwa akipiga kengele ya moto, tukishatoka anaingia ofisini na kuzibeba. Tukajifunza: kengele ikilia, unatoka na hita yako ndani ya koti.

Mwaka ule halmashauri ikaandika kwamba mkaguzi akikuta wafanyakazi wa ofisini wana hita, jengo litafungwa, nasi tutahamia banda la bati karibu na mnada wa kondoo. Ranald alitusomea barua wakati wa chai ya saa nne. Tukaitikia kwa vichwa, tukaendelea kula skonzi.

Mkaguzi wa zimamoto, Bi. Hinemoa Ruwhiu, alikuja Jumanne na kengele akaipiga mwenyewe. Tulitoka upesi, tukajipanga uwanjani kwenye barafu, kila mmoja na kitambi cha ghafla. Ailsa wa masjala alikuwa akiburuta waya.

"Mama, mkia wako unaonekana," mkaguzi akamwambia.

Akatufungulisha makoti. Hita kumi na moja zikawekwa kwenye nyasi, nyingine zikiwa bado za moto.

"Haya, za nani hizi?"

Ailsa akatazama bendera. Sote tukatazama bendera.

"Zangu," Ranald akasema.

"Zote, mzee?"

"Nasikia baridi sana. Hawa wamenisaidia kuzitoa tu."

"Mzee Geddes, usinifanye mtoto. Nikiandika hivyo, kazi huna leo hii."

"Andika, binti yangu. Ila andika na hili: ndani haikubaki hata moja."

Mkaguzi akazunguka jengo zima, akarudi, akaandika. Muda wa kusema nilikuwa nao. Hita ya tatu kutoka kushoto ilikuwa yangu, nami nilinyamaza, na naona aibu hadi leo.

Jengo likapata cheti, Ranald akafukuzwa kazi. Kabla ya kuondoka akatupeleka chini kwenye boila, akamkabidhi Ailsa funguo.

"Iwashe saa kumi na moja alfajiri," akamwambia.

"Si wewe huwa unaiwasha saa mbili?"

"Nilikuwa naogopa kuiacha iwake jengo likiwa tupu. Ndiyo maana mlikuwa mnaganda."

Alivaa kofia, akaenda zake. Kesho yake, kwa mara ya kwanza, ofisi zilikuwa na joto.