Daktari akiwa afande wako, unamwambiaje kwamba unaumia?

Wakuu, salamu kutoka Kigali. Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa, na majina nitayataja. Shule niliishia la nne, nikichapia mnivumilie.

Mimi ni askari wa zamani, naishi Nyamirambo. Kwenye nyonga nina kipande cha bomu tangu vitani. Kikianza kusumbua hata soksi sijivalishi, ananivalisha mama watoto, Zaina.

Sasa iko bodi ya kupima majeruhi wa vita. Wakikuweka kundi la walioumia sana, unapasuliwa bure. Wakikuweka kundi la chini, ujitegemee. Na mimi nisipopasuliwa, nimeshaambiwa mguu utakufa.

Nikaitwa mbele ya bodi, kule Kacyiru.

Zaina akaniambia, "Baba Idi, nenda hivyo hivyo unavyokaa nyumbani. Usijifanye kijana."

Nikasema nimesikia. Lakini viatu nilipiga kiwi na shati nikalinyoosha. Askari haendi mbele za watu kama gunia.

Pale kwenye benchi nikamkuta Selemani, tulikuwa platuni moja. Yeye amepoteza vidole viwili vya mkono, basi.

Zamu yangu ikafika, mlango ukafunguka. Daktari ni nani? Faustin. Yule yule aliyekuwa mkubwa wetu vitani.

Wakuu, sijui ilikuwaje. Nilijikuta nimesimama wima, nimepiga saluti, fimbo imebaki kwenye benchi.

"Hali yako?"

"Salama, afande."

"Unatembea?"

"Natembea, afande."

Nikatembea mpaka ukutani, nikarudi. Macho yaliona giza. Faustin akacheka, "Huyu bado fiti kabisa. Mwingine aje."

Kundi la chini.

Selemani akaingia na vidole vyake, akalia, akapewa la juu. Tulipotoka akaniuliza, "Wewe ulikuja kutibiwa au kuripoti?" Nilitaka kumzaba kofi, nyonga ikakataa.

Nikarudi kukata rufaa. Claudine wa mapokezi, huku anatafuna bigijii, akasema rufaa inasikilizwa na daktari aliyekupima. Yewe, huo ni utaratibu gani?

Siku ya rufaa, njia nzima kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, nilikuwa nafanya mazoezi. Naumia, naumia, naumia. Dereva akageuka, "Mzee, nipunguze spidi?"

Nikaingia kwa Faustin. Akaniangalia.

"Una malalamiko?"

"Hapana, afande."

Mpaka leo sielewi. Kichwa kilijua cha kusema, mdomo ukasema mengine.

Faustin ana kosa, tena kubwa. Siku ile naumia yeye aliniona nikibebwa. Claudine ana kosa. Koplo aliyetufundisha kwamba anayelalamika si askari ana kosa pia, ingawa alishakufa. Mimi sasa sijui nijiweke wapi.

Nilichojifunza ni hiki: wanaotupima wasiwe wakubwa wetu. Watuletee mtu ambaye hatukuwahi kumpigia saluti. Na wake zetu waulizwe, maana wao ndio wanatusikia tukigeuka kitandani.

Zaina ameapa wiki ijayo anaenda yeye kuongea, mimi nibaki nyumbani. Claudine anasema mgonjwa lazima awepo.

Basi, wenye kujua nisaidieni. Tukiingia wote wawili, Zaina akasema siwezi hata kuinama, kisha afande akanigeukia na kuniuliza kama ni kweli, nitamjibu nini?