Sahani na Uma

Hoteli yenyewe iko Ujiji, chumba cha mbele cha nyumba ya kuishi, meza nne tu. Mwenyewe ni mama mjane aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Ujanani baba yake aliwapikia mapadri wa Kitaliano huko, akajifunza kukanda unga kwa mayai, kuukata nyuzi nyembamba na kuuanika. Walipohamia huku walikuja na ufundi huo. Tambi zile huzitundika uani kwenye kamba ya nyavu, kisha huzipika kwa nyanya, dagaa na mawese kidogo.

Kila Jumamosi mchana nilikwenda pale na mke wangu na mwanangu wa pekee. Mgeni alipewa sahani yake na uma. Sisi wa siku zote tuliwekewa sinia, na mtu mmoja wa nyumba ile alikuja kukaa nasi, tukala kwa mikono. Mara nyingi alikuja binti wa mwenye hoteli. Tambi zilikuwa zikimponyoka mwanangu, na binti akimcheka: "Kaka, unakula au unavua?" Mama yake aliniita shemeji, kwa kuwa yeye na mke wangu waliitana dada.

Watoto wakakua. Siku moja mwanangu akaniambia anataka kumwoa yule binti. Nilikataa, na sikuwa na sababu yoyote ya maana.

"Watu wa ng'ambo hatuoani nao," nilisema.

Mke wangu akaniuliza, "Na chakula chao umekila miaka mingapi?"

"Chakula ni chakula."

Niliyasema hayo uani kwetu, kwa sauti, na Ujiji nyumba zimebanana. Maneno yalifika hotelini kabla ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilikwenda peke yangu; mke wangu alikataa kufuatana nami. Nilidhani watanifukuza. Mama alinikaribisha vizuri tu, akaniwekea sahani moja na uma.

"Karibu, mzee."

Hakuna aliyekuja kukaa nami.

Mwanangu alimwoa yule binti bila mimi, wakavuka ziwa kwenda kuishi Kalemie, Kongo. Walipopata mtoto, mke wangu alitaka kwenda kumwona. Nilimkataza, naye akanitii. Alikufa hajamshika mjukuu wake. Hilo ni langu, sina wa kumsukumia.

Bado nakwenda pale. Mama naye amezeeka, anatembea akishika meza. Mwezi uliopita nilimwambia, "Shemeji, nilikosa. Naomba uniwekee sinia, hata mara moja."

Alifuta meza ya jirani kwanza.

"Sinia haliliwi na mtu mmoja, mzee."

"Kaa nami wewe."

"Mimi nimeshakula."

Nikamuuliza kama mwanangu huniulizia wanapoongea kwa simu. Alisimama na kitambaa mkononi.

"Zamani aliuliza," akasema, akarudi jikoni.

Tambi zilikuwa zile zile, na mawese yake, na dagaa wake. Mpaka leo sijajua kuzisokota vizuri kwa uma. Zilikuwa zikiniponyoka, na nilikula polepole mpaka sahani ikabaki tupu, kwa sababu nikiinuka pale sina mahali pengine pa kwenda.